Maji ya Wapagazi

"Mama, nani alifanya kichaa hiki?" Fundi alikuwa amepiga magoti katika chumba cha mbele, nyundo mkononi, ameshika bamba jeusi lililobanduka sakafuni. Mahali lilipotoka, saruji ya kijivu ilionekana, laini, haina hata ufa. "Nimeona watu wakimwaga saruji juu ya samadi," akasema, "lakini samadi juu ya saruji ndiyo naiona leo." Watoto wangu wakacheka. Walikuwa wamekuja wote kwa arobaini ya baba yao, na watoto wakikutana kwa mzazi aliyebaki hawawezi kukaa bila kutengeneza kitu. Binti yangu Hawa, mkubwa wao, ndiye aliyeamua kwamba chumba kile, tulichokifanya stoo miaka yote, kisafishwe na kutiwa vigae ili nihamie mimi, maana kiko karibu na choo na miguu yangu si ya kuaminiwa tena. "Eti Mama, nani?" naye akaniuliza. Nikasema sijui, labda watu wa zamani. Nilisema uongo huo nikiwa na miaka zaidi ya sabini, mjane, mwenye nyumba, sina wa kumwogopa ila Mungu. Hata hivyo niligeuka kutazama mlangoni kama kuna mtu anayepiga hodi.

Mimi ni mwoga, na hilo sijawahi kulificha. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wa pembe ndefu, naogopa barua yenye mhuri. Juma, mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinitania kwamba siku yangu ikifika, mtoa roho atanikuta uvunguni. Lakini hofu ya mwaka wangu wa kwanza katika nyumba hii ilikuwa ya namna nyingine. Haikuwa ya kuruka na kupiga kelele. Iliingia ikakaa, ikala nasi, ikalala nasi, na nadhani Hawa, aliyekuwa tumboni, aliinyonya kabla ya maziwa. Niliolewa hapa Ipuli nikitokea upande wa Kaliua, na sanduku moja la bati na ujuzi mdogo wa kupika. Chumba cha mbele kilikuwa cha mama mkwe wangu, Bi Nyamizi. Kilikuwa na kitanda chake cha kamba, viti viwili vya wageni, kigoda, na kwenye kona mtungi wa maji uliofunikwa kwa sahani ya bati, juu yake kata ya kibuyu. Chini palikuwa pa udongo, na udongo wenyewe ulikuwa mlima na bonde. Marehemu baba mkwe alijenga juu ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikielekea Ujiji, na ardhi iliyokanyagwa na wapagazi vizazi na vizazi ilikataa kuwa sakafu ya mtu. Kila mwaka walijaza udongo, na kila mvua zikija ulizama tena, bonde refu kutoka kitandani mpaka mlangoni.

Bi Nyamizi hakuona. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, na alitembea pekupeku, akifuata bonde lile kwa nyayo bila kugusa ukuta. "Nawafuata wapagazi," alikuwa akisema. "Wao hawapotei." Alikuwa mkunga wa mtaa mzima kabla ya macho kumtoka, na alikuwa msafi wa kutisha. Kanga yake ikiguswa na tone la mchuzi ilivuliwa ikafuliwa palepale. Alikuwa pia mtu asiyesema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni. Mara ya kwanza nilipompikia mlenda akaniambia, "Mwanangu, huu umeungua, lakini nitaula." Na alikuwa na desturi yake moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Akimaliza kula na kunywa, maji yaliyobaki ndani ya kata aliyamwaga chini, pale bondeni, akisema, "Na ninyi mnywe." Yalikuwa maji ya wapagazi, waliopita na mizigo kichwani wakiwa na kiu. Udongo uliyanywa mara moja, usiachie hata alama. Mwalimu wa madrasa alipomwambia kwamba jambo hilo halimo katika dini, alimjibu, "Mwalimu, kiu nayo haina dini," akamkaribisha matobolwa, viazi vitamu vya kukausha.

Alianguka mwanzoni mwa mvua, na kosa lilikuwa langu. Niliacha kigoda katikati ya bonde, nikaenda kuepua sufuria. Nilisikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti yake ikiniita kwa upole, jambo lililonitisha kuliko kama angepiga kelele. Mkono ulikuwa umevunjika kwenye kifundo, karibu na kiganja. Mzee wa kuunga mifupa alipokuwa akimfunga vijiti, nililia kuliko yeye. Juma hakunigombeza. Alisimama mlangoni akaitazama sakafu kama mtu anayemtazama adui. "Si wewe," akaniambia. "Ni hili bonde. Nitalimaliza." Alikuwa fundi mwashi, na watu walisema mkono wake ni mwepesi kuliko wote Ipuli. Lakini saruji mwaka ule ilikuwa ya kibali. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vikiinuka kila upande, na kila mfuko ulikuwa na shule yake au zahanati yake. Juma mwenyewe alikuwa akijenga zahanati ya kijiji kimoja kipya, njia ya kuelekea Isikizya, akienda kwa baiskeli asubuhi na kurudi jioni na ndoo ya chakula imefungwa nyuma. Siku moja nilipoifungua ndoo niioshe, nilikuta imejaa saruji nusu, na juu yake ametandika majani ya mgomba.

"Imetoka wapi?" nikamuuliza.

"Mifuko iliyochanika. Unyevu ukiingia inaganda, inatupwa. Mimi naifagia."

"Wamekuruhusu?"

"Zuhura, pakua chakula."

Hilo ndilo jibu nililopata, na sikuuliza tena mpaka tumemzika. Kila jioni ndoo ilirudi nzito. Tuliihifadhi saruji ndani ya mitungi mikavu chini ya kitanda cha Bi Nyamizi, naye akalala juu yake bila kuambiwa. Mchana nilikuwa nikifagia mara tatu, nne, nikiogopa hata vumbi la kijivu kwenye unyayo wa kuku. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Maganga, alikuwa mtu mwema, lakini kila alipopita kunisalimu niliitikia huku macho yangu yakienda uvunguni yenyewe. Mali ya umma haikuwa mchezo. Tulisikia watu wakisema mtu amefungwa kwa bati mbili, mwingine kwa debe la misumari, na sijui yapi yalikuwa kweli, lakini mwoga hahitaji ushahidi.

Tuliifanya kazi Jumapili moja, Bi Nyamizi tukiwa tumempeleka kwa dada yake kwa siku chache. Tulifunga madirisha. Juma alijaza bonde kwa changarawe nyekundu ya moramu, akaishindilia mpaka ukuta ukatikisika. Halafu akatoa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, akanipa ncha moja, yeye akashika ya pili, tukazunguka kona zote nne tukiweka alama pale maji yalipotulia. "Usiliulize jicho," alikuwa akinifundisha. "Jicho litakudanganya kukufurahisha. Uliza maji, hayana upendeleo." Mikono yangu ilitoka jasho hata mpira ukaniponyoka mara mbili. Alimwaga zege jembamba, akalipiga ubao. Mwisho alikoroga saruji tupu na maji mengi, nyepesi kama uji wa mgonjwa, akaimimina, na ule uji ukatembea wenyewe ukatafuta kila kishimo. Mwiko wake ulilia juu ya saruji, na kwa kuwa mlio ule haufichiki, alinituma uani nitwange. Hatukuwa na kitu cha kutwanga. Nikiwa na mimba ya miezi mitano, nilisimama kwenye jua nikatwanga kinu kitupu mpaka alasiri, na kesho yake jirani akaja na bakuli kuomba unga. Nilimwambia umeliwa wote na funza.

Siku ya pili Juma aliniita nione. Akamwaga maji ya kikombe katikati ya chumba. Yalikaa. Hayakwenda mlangoni wala kitandani, yalitanda tu mviringo, yakatulia na kuonyesha kenchi za paa. Juma alicheka kwa sauti, akanikamata kiuno tukazunguka yale maji kama watoto. Naikumbuka furaha ile kwa sababu haikumaliza siku mbili. Jumatano mke wa balozi alikuja kuazima ungo, akakaa, akanong'ona kwamba kule kwenye zahanati saruji imepungua, mlinzi amechukuliwa, na nyumba za mafundi wote zitapekuliwa. Alisema kama habari ya kawaida ya mtaani. Sijui kama alitumwa na mumewe atuonye au la. 

Wazo la samadi lilikuwa langu. Kwetu Kaliua tulisiriba nyumba kwa mavi ya ng'ombe na majivu tangu tukiwa wasichana, na hofu inapomshika mtu hukimbilia kazi anayoijua. Nilikwenda kwenye zizi la jirani na karai, nikachanganya na udongo mwekundu, nikaanza kusiriba ile sakafu iliyokuwa inang'aa, nikiweka kwa makusudi vinundu hapa na pale. Juma alirudi akanikuta nimefika nusu. Alisimama mlangoni na baiskeli yake. Nilidhani atanizuia. Alivua viatu, akapiga magoti, akanisaidia, na machozi yalimdondoka ndani ya karai. Hakuwahi kujenga kitu kizuri kuliko kile, na mikono yake mwenyewe ilikuwa inakizika.

Tulipomrudisha Bi Nyamizi, samadi ilikuwa imekauka. Alivuka kizingiti, akapiga hatua mbili, akasimama. Akasogeza mguu wa kulia, akasogeza wa kushoto, akitafuta. Mikono yake ilinyooka mbele, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya ndani ya nyumba yake. "Zuhura," akasema, "umeniingiza kwa nani?"

"Ni kwako, Mama. Juma amejaza bonde."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa moramu, Mama. Usianguke tena."

"Moramu tu?"

"Moramu tu."

Alizibana nyayo zake chini. "Pana baridi," akasema. Tokea siku ile alipotea ndani ya chumba chake. Alienda kitandani akagonga ukuta, alienda mlangoni akagonga mtungi. Tulimwondolea bonde lililomwangusha mara moja, na ndilo lililokuwa likimwongoza maisha yake yote. Juma alipoliona hilo aliacha kula chakula cha jioni. Na maji ya wapagazi nilimzuia kijanja. Nilikuwa nikimpokea kata kabla hajaimwaga, nikasema nitamwagia nje. Alinipa bila kuuliza.

Walikuja Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa ya chakula cha mchana. Mafundi walikuwa wamezuiwa kule kwenye jengo, na kila mmoja wetu mtaani alijua maana yake: nyumba itakayokutwa na kitu, mwenyewe harudi jioni. Walikuwa watatu. Mzee Maganga alitangulia, ametazama chini. Nyuma yake alikuwa bwana mmoja wa wilayani mwenye daftari, na mgambo kijana aliyeshika nondo. Walianza uani. Mgambo alichoma jivu kwa nondo, akachoma shina la mgomba, akachoma chini ya mawe ya jikoni, na kila nondo ilipozama kimya nilipata pumzi moja. Kisha wakaja chumba cha mbele. Bi Nyamizi alikuwa kwenye kigoda chake, sahani ya matobolwa na karanga mbele yake, kata ya maji pembeni.

"Shikamoo, mama," akasema bwana wa daftari.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni chakula."

"Tunashukuru, tuko kazini. Mama, humu ndani hapajajengwa kitu siku za karibuni?"

"Unamuuliza kipofu kilichojengwa?" akamjibu. "Waulize wenye macho."

Yule bwana akanitazama mimi. Nikainama kukusanya maganda ya karanga. Aliandika kitu, kisha bila kuinua kichwa akamwambia mgambo, "Ndugu, choma hapo katikati." Kijana akainua nondo. Nilijua mlio utakaotoka. Niliusikia kabla haujatoka.

"Ngoja nimalize kula, mwanangu," akasema Bi Nyamizi. "Utanitilia vumbi."

Mgambo akashusha nondo. Kijana yule alizaliwa mikononi mwake, na hata angekuwa mgeni, ni nani anayemtimulia vumbi mama wa watu akiwa kwenye sahani? Wakageuka kando, kama ilivyo adabu kutomkodolea macho anayekula. Bwana wa daftari akaendelea kuandika. Bi Nyamizi alimaliza, akanawa mkono wake usiovunjika juu ya sahani, akanywa, na kabla sijamfikia, mkono wake, uliofanya hivyo maisha yake yote, ukamimina maji yaliyobaki chini. "Na ninyi mnywe," akanong'ona.

Wapagazi hawakunywa. Maji yalitanda mviringo, polepole, kila upande sawa, samadi ikaanza kuyeyuka rangi ya chai, na katikati ya doa nikaona kijivu. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Bi Nyamizi alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza, akisubiri udongo wake umeze. Aliteremsha kiganja, akakilowesha, akajua hayajamezwa. Bwana wa daftari aligeuka. "Haya maji mbona..." alianza kusema, na mama mkwe wangu akainuka kwenye kigoda, akasogea nusu hatua, akakaa chini katikati ya maji yale, kanga yake yote, safi kama ilivyokuwa siku zote.

"Mzee Maganga," akasema, "nakuomba uwatoe watoto hawa. Nimejikojolea."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema uongo, na wa kwanza aliousema alijisingizia mwenyewe.  Mgambo alitoka wa kwanza, nondo ikagonga mwimo wa mlango kwa haraka yake. Bwana wa daftari uso ulimbadilika, akasema, "Samahani, mama, samahani sana," akatoka kinyumenyume. Mzee Maganga alibaki kidogo. Alimtazama aliyekaa chini, akaitazama kata iliyokuwa bado mkononi mwake, akanitazama mimi. Kisha akavuta mlango akaufunga kwa nje, na nikamsikia akiwaambia wenzake waende nyumba ya pili.

"Wameshavuka?" Bi Nyamizi akauliza baada ya muda.

"Wameshavuka, Mama."

"Nipe mkono." Alikuwa akitetemeka mwili mzima, na ndipo nilipojua kwamba naye aliogopa, pengine kuliko mimi. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza. "Saruji ni baridi, Zuhura. Nimetembea pekupeku miaka yote hii, ulidhani miguu haina akili? Nilijua siku ile ile." Akanishika mkono kwa nguvu. "Juma asijue. Mtoto wa kiume akijua mama yake alijivua heshima kwa ajili yake, ataibomoa sakafu hii kwa meno. Niapie." Nikaapa. "Haya, nipe maji nioge."

Juma alirudi jioni ile, na ndoo nyepesi. Mlinzi wa zahanati alirudi baada ya mwezi, amekonda. Sikuthubutu kumtazama usoni mpaka alipohama mji, kwa sababu sijui kama ndoo zetu ndizo zilizompeleka. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata hii imeishika siri hiyo vibaya, kwa hofu na aibu, miaka yote. Lakini siri ya pili, ile ya uongo, ilitoka mlangoni pamoja na wale wanaume. Kufika Jumapili mtaa mzima ulijua kwamba Bi Nyamizi, mkunga, yule msafi, sasa anajikojolea. Wanawake walikuja na dawa za mizizi. Kwenye maulidi walimtandikia mkeka wake peke yake, pembeni, na hakwenda tena. Na hakumwaga tena maji ya wapagazi.

Juma naye alisikia, kazini, kwa watu waliokuwa wakicheka. Wiki ile aliporudi, kwenye baiskeli palikuwa na kitu kilichoviringishwa ndani ya gazeti. Ulikuwa mpira wa kutandika kitandani, kama ule wa hospitali. Yeye mwenyewe alimpelekea mama yake, akapiga magoti. "Mama, uzee si aibu. Mimi nitakulea kama ulivyonilea." Nilikuwa mlangoni. Nilifumbua kinywa, na Bi Nyamizi, ambaye hakuniona lakini alijua nilipo, akageuza uso upande wangu mpaka nikakifumba. Kisha akaupokea ule mpira kwa mikono miwili. "Ahsante, baba," akamwambia. Aliulalia kila siku, mkavu, mpaka Hawa alipoanza kutembea na yeye akatutoka. Juma alikifanya chumba stoo, hakuweza kukaa humo. Hata uzeeni, tukimkumbuka mama yake, alikuwa akisema, "Masikini, alivyokuwa msafi, mwisho wake ukawa ule." Nami nikaitikia, "Ndiyo, masikini." Nimelitimiza nililoapa. Sijui kama nilifanya vyema.

Fundi wa Hawa alibandua samadi yote siku ile ya kwanza. Kesho yake alileta unga wake wa mfuko wa kusawazishia sakafu, wa kisasa, anaosema ukimwagwa unatembea wenyewe. Alitaka ajue kwanza auelekeze wapi, akachukua kopo la maji, akamwaga katikati ya chumba. Yalitanda mviringo, yakatulia. Akayatazama, akapaka kidole, akaweka pimamaji upande huu na upande huu, akatikisa kichwa. "Mama, hapa sina kazi," akasema. "Aliyepiga sakafu hii alikuwa fundi. Maji hayaendi popote."

"Najua," nikamwambia.  Nikamwomba Hawa aniletee kigoda, nikakaa karibu na yale maji, nikamwambia fundi aende akapumzike, na watoto wangu wafunge mlango waje wakae chini, kwa sababu kulikuwa na jambo la bibi yao lililosemwa vibaya katika nyumba hii, na mimi nilikuwepo.